Mashine ya CPAP ilizima angani: tatizo soketi ya ndege au mashine yenyewe? Mama anasafiri tena, saa 14 hewani

#1 BintiMzigua
Habari zenu wakuu.

Bi mkubwa ana miaka 67, ana tatizo la pumzi kukatika akiwa usingizini. Alipimwa, majibu yakasema inakatika zaidi ya mara 30 kwa saa, yaani lile daraja la juu. Tangu hapo analala na mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa puani, yenye barakoa na mpira mrefu. Asipoivaa nyumba nzima hatulali, na asubuhi anaamka kichwa kinamgonga.

Mwezi wa 12 anaenda kwa mdogo wangu Chicago. Dar hadi Doha ni kama saa 6, halafu Doha hadi Chicago saa 14 na ushee. Safari iliyopita (shirika silitaji) tulimwambia achomeke mashine kwenye soketi ya siti. Ikawaka, ikafanya kazi kidogo, ikazima. Akachomoa, akachomeka tena, ikawaka, ikazima. Akakaa macho mpaka wanatua kwa kuogopa kukoroma mbele za watu. Alifika hajielewi.

Naomba kujua: kwa nini ilizima? Na safari hii tufanyeje? Mdogo wangu anasema tununue pawabenki kubwa Kariakoo, mambo yaishe.

#2 KitiChaNyuma
Nakaa hapa nasubiri wataalamu. Ila na mimi nina mjomba anakoroma mpaka kuku wanahama banda, nitachukua madini humu.

#3 FundiVolti
BintiMzigua, soketi nyingi za siti za ndege zina kikomo cha kama wati 75. Geuza chaja ya mashine ya mama usome nyuma. Mashine nyingi za nyumbani huja na chaja ya wati 80 au 90. Haina maana inakula 90 muda wote. Ile feni ya kusukuma hewa peke yake inakula kidogo sana, wati 7 hadi 10 kwa wastani kwa presha ya katikati. Mlaji mkubwa ni kitenki cha maji chenye hita chini yake, na kama mpira wake nao ni wa kupasha joto ndiyo balaa. Hita ikivuta, soketi inajilinda, inakata. Ukichomoa na kuchomeka inarudi, hita ikivuta tena inakata tena. Maelezo yako yanafanana kabisa na hilo.

Dawa: zima hita, toa maji, tumia mashine kavu.

#4 Dada_wa_Angani
Nimefanya kazi ndani ya ndege miaka kadhaa kabla sijaacha. Aliyosema FundiVolti yanawezekana, lakini kuna jambo jingine. Umeme wa siti unagawanywa kwa eneo. Watu wakichomeka laptopu na simu kwa wingi, mfumo ukielemewa unakata baadhi ya siti wenyewe. Tena kwenye ndege nyingi wakati wa kuruka na kutua unazimwa kabisa. Kwa hiyo huenda mashine ya mama haikuwa na kosa lolote, majirani zake walikuwa wanachaji simu.

Ndiyo maana mashirika mengi yanakuambia wazi: kifaa cha matibabu kiendeshwe kwa betri yake, soketi si ya kuitegemea. Na ndege nyingine hazina soketi hata moja, au ndege inabadilishwa siku ya safari mkajikuta mmepewa ya zamani.

#5 mzeewabusara71
Enzi zetu hayo yalikuwa jinamizi. Mtu anakabwa usiku, anaamka anatweta. Anasomewa, anabadilishiwa upande wa kulala, yanaisha. Siku hizi kila kitu mashine.

#6 NesiWaTheluji
Shikamoo mzee. Jinamizi lile la kuamka unaona kila kitu lakini mwili haunyanyuki ni jambo jingine, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Hili la pumzi ni koromeo: misuli inalegea usingizini, njia ya hewa inaziba, pumzi inasimama sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua mtu avute hewa, kisha mchezo unaanza upya. Kubadilisha upande wa kulala kunawasaidia kweli baadhi ya watu, hapo wazee waliona kitu. Ila kwa aliyefika mara 30 kwa saa upande peke yake hautoshi.

BintiMzigua, niko Minnesota, nafanya kazi wodini na hizi mashine nazishika kila siku. Kwa safari ya kuingia Marekani kuna sheria inayomlinda mama. CPAP inahesabiwa ni kifaa cha msaada kwa mtu mwenye ulemavu au maradhi, haiingii kwenye hesabu ya begi la mkononi. Ana haki ya begi lake la kawaida NA begi la mashine. Sheria hiyo inayabana hata mashirika ya nje kwenye ndege zinazokwenda au kutoka Marekani. Kwa upande wa pili, shirika linaruhusiwa kumtaka atoe taarifa saa 48 kabla, na awe na betri zilizojaa za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Ndege ya saa 14 maana yake betri za saa 21.

Mashine isiingie chini kwenye mizigo. Hata siku moja.

#7 Kibopa_Original
Saa 21? Si abebe tu betri ya gari 😂

#8 FundiVolti
Kibopa unacheka lakini kuna watu wanaiendesha kwa betri ya gari, na kijijini umeme ukikatika inafanya kazi vizuri ukiwa na waya wake maalumu. Ndegeni ndiyo haipandi.

#9 DerevaWaMasafa
Salaam. Naendesha trela huku Marekani, nina mashine hiyo hiyo. Daktari wa leseni aliniangalia shingo, akapima inchi zaidi ya 17, akanipeleka kupimwa usingizi. Nilikuwa nabisha kama mzee wa #5. Usiku wa kwanza na mashine niliamka nikadhani nimezaliwa upya.

Mimi ndegeni SIITUMII. Naruka kuja Nairobi, naiweka juu kwenye kabati, nakaa wima, situmii pombe, nasinzia kidogo kidogo na mto wa shingoni. Nikifika nalala na mashine. Usiku mmoja bila mashine haujamuua mtu. Bi mkubwa asitundikiwe waya na betri kama antena, mwacheni apumzike.

#10 NesiWaTheluji
DerevaWaMasafa, kwako wewe sawa. Usilifanye ushauri kwa mama wa miaka 67 ambaye hatujui moyo wake na mapafu yake yakoje. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi kuliko ya Dar. Kabini inawekwa presha sawa na kuwa mlimani, futi 6,000 hadi 8,000. Kwenye futi 8,000 oksijeni unayoipata ni kama ile ya hewa yenye asilimia 15 badala ya 21. Mtu mzima mwenye afya oksijeni yake ya damuni inashuka kidogo tu na hajui. Mwenye pumzi inayokatika anaanzia hapo chini tayari, kisha inashuka zaidi. Daktari wake ndiye aseme, wala si sisi.

Pombe na vidonge vya usingizi ndipo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Vinalegeza koromeo zaidi. Watu wanameza dawa ya kuwalaza ndegeni bila mashine, hilo ndilo linanitisha.

#11 KamandaLimuru
Futi 6,000 ni Nairobi hiyo! Jiji letu liko karibu mita 1,800. Sasa Wakenya wote tunaishi ndani ya Dreamliner bila tiketi 😄

#12 Dada_wa_Angani
Na ni kweli, Boeing 787, ndiyo hiyo Dreamliner, kabini yake haizidi futi 6,000. Ndege za zamani zinakaribia 8,000, hapo ni kama Addis Ababa au Nyahururu. Ndiyo maana wengi wanashuka kwenye 787 bila kichwa kuuma sana. Mkiweza kuchagua, angalieni aina ya ndege kabla ya kulipa.

#13 mkulima_wa_Njombe
Hapo kwenye kimo nina swali. Dada yangu alitoka Dar kuja kwangu Njombe, huku juu milimani, na mashine yake, akasema huku inapuliza vibaya. Inawezekana hewa nyepesi ndiyo ilizima ya bi mkubwa?

#14 FundiVolti
Mkulima, kuzima sidhani. Mashine za sasa nyingi zinajipima zenyewe, hewa ikiwa nyepesi feni inazunguka kasi zaidi kufidia. Za zamani unaingia kwenye mipangilio unaweka kimo kwa mkono, usipoweka inapuliza pungufu. Kijitabu cha mashine kinaandika kimo cha mwisho. Ila feni ikizunguka kasi inakula umeme zaidi kidogo, na hapo unarudi kulekule kwenye kikomo cha soketi.

#15 BintiMzigua
Asanteni sana wote. Nimempigia mama sasa hivi. Anasema kwenye soketi kulikuwa na kitaa cha kijani, na mashine ilipozima anakumbuka kitaa kilikuwa bado kinawaka. Ila hana uhakika, alikuwa hana miwani. Anasema pia alikuwa ameivua barakoa kidogo anywe maji.

#16 sista_P
Kumbe! Basi mashine ilikuwa salama. Mashine nyingi zina kitu cha kujizima zenyewe ukivua barakoa, hewa ikivuja nyingi zinajua umeamka. Ukivaa tena ukavuta pumzi zinawaka. Yangu inafanya hivyo kila nikiamka kwenda chooni. Mama alivua, ikazima, akadhani imekufa.

#17 FundiVolti
sista_P, ukiivua inasimama kupuliza, skrini haifi. BintiMzigua ameandika ilizima, akachomoa na kuchomeka. Muulize mama skrini ilikuwa nyeusi au ilikuwa na maandishi?

#18 BintiMzigua
Anasema "ilizima tu". Kwa mama hiyo ndiyo ripoti kamili ya uchunguzi.

#19 Kibopa_Original
😂😂 Mheshimiwa Jaji, shahidi hakuwa na miwani.

#20 Mlinzi_wa_Lango
Nipo upande wa ukaguzi wa abiria, kiwanja sikitaji. Naweka sawa kuhusu betri maana humu ndimo watu watanyang'anywa vitu.

Tunachoangalia ni wati-saa, herufi Wh kwenye lebo. Hadi 100 unapita nayo bila kuomba. Kuanzia 100 hadi 160 lazima shirika likubali, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 hupandi nayo. Betri za akiba zote ziwe mkononi, kwenye mzigo wa chini ni marufuku, na ncha zake zifunikwe zisigusane na vyuma, hata kwa kuweka kila moja kwenye mfuko wake.

Lebo isipoandika Wh, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 24 na ampea-saa 4 ni 96, inapita. Zile za miliampea-saa (mAh) gawa kwanza kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74. Hiyo "kubwa" ya mAh 50,000 anayoitaka mdogo wako ni 185, itabaki kwetu.

#21 FundiVolti
Na hata ya 74 haitamsaidia. Pawabenki ya kawaida inatoa volti 5 kwa tundu la USB, mashine nyingi za CPAP zinataka 24, nyingine 12. Akanunue betri iliyotengenezwa kwa CPAP, yenye waya unaoingia kwenye modeli yake. Ya karibu 97 Wh bila hita itampa usiku mmoja, tuseme saa 8 hadi 10 kutegemea presha yake. Akiwasha hita inaisha kabla hajamaliza chakula. Mbili zinavuka Doha hadi Chicago. Tatu ndiyo zinatimiza ile hesabu ya mara moja na nusu ya NesiWaTheluji.

Na azijaribu nyumbani kwanza usiku mzima, zisijaribiwe juu ya bahari.

#22 MswahiliMuscat
Assalaam alaykum. Kuhusu pawabenki mambo yamekaza huku Ghuba. Emirates kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu ya chini ya 100 Wh, na ndani ya ndege huruhusiwi kuitumia wala kuichaji. Hiyo ilikuja baada ya matukio ya moto, mojawapo ile ndege ya Air Busan iliyoungua Korea Kusini Januari 2025 ikiwa bado chini, moto ukaanzia kwenye kabati la juu.

Sasa swali langu kwa Mlinzi: betri ya CPAP ni pawabenki au si pawabenki?

#23 Mlinzi_wa_Lango
Mimi kwenye mashine ya eksirei naona seli za lithiamu tu, haziniambii zina kazi gani. Kwa hiyo aje na barua ya daktari, betri iwe begi moja na mashine. Lakini matumizi ndani ya ndege si langu, ni la shirika.

#24 Dada_wa_Angani
Naunga. MswahiliMuscat, hapo ndipo wahudumu wawili wa ndege moja watakupa majibu mawili. Mmoja ataona kifaa cha matibabu, mwingine ataona pawabenki. Barua pepe ya shirika iliyoandikwa "tunaruhusu" na jina la modeli ndiyo inayomaliza ubishi saa nane usiku. BintiMzigua, mwandikie shirika sasa hivi, si saa 48 kabla. Watakuuliza jina la mashine, aina ya betri, Wh, na kama inafaa kutumika ndegeni. Mashine nyingi zina maandishi chini au kwenye kijitabu kwamba zimepimwa kwa RTCA DO-160, kile kipimo cha vifaa vya kutumika ndegeni, piga picha hayo maandishi.

Kuna mashirika yatakutumia na fomu ndefu ya daktari. Hakikisha hawajaichanganya na mashine ya oksijeni.

#25 Kibopa_Original
Kwani CPAP si inatoa oksijeni?

#26 NesiWaTheluji
Haitoi. Inachukua hewa ileile ya chumbani, inaichuja, inaisukuma kwa presha ili koromeo lisizibe. Mtu anayehitaji oksijeni anabeba kifaa kingine kabisa, na sheria zake ni kali zaidi. Ukimwambia wakala wa tiketi "mama anatumia mashine ya kupumulia" anaelewa oksijeni, anaweza kumzuia kupanda bila sababu. Sema CPAP, sema ni ya kukoroma, wataelewa.

#27 Kibopa_Original
Mama wa watu atangazwe mpaka kwenye kaunta kwamba anakoroma. Haya.

#28 MamaShani_Mvita
Kibopa ondoa aibu hizo! Mimi ni mwanamke, mashine naivaa, na baba watoto ndiye aliyesema mwanzo ninaonekana kama rubani wa vita. Sasa haniruhusu nilale bila hiyo.

Wanawake wengi hawapimwi kwa sababu ya huku kuona haya. Mtu anaambiwa presha, anaambiwa mawazo, anaambiwa uzee. Kumbe usiku hapumui.

BintiMzigua mwanangu, mimi nilipanda ndege ya Nairobi kwenda New York, ile ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018. Zaidi ya saa 14. Niliomba siti ya dirishani ili waya na mpira visimkwaze mtu, betri nikaiweka chini ya kiti cha mbele. Nikaivaa baada ya chakula taa zilipozimwa. Jirani yangu aliniuliza mara moja tu "hii ni nini?" nikamwambia, akalala yeye kabla yangu. Sauti ya injini inafunika kila kitu, mashine haisikiki.

Shida yangu ilikuwa ukavu. Niliamka koo kama nimelamba unga.

#29 sista_P
Ukavu ule unatoka kwenye barakoa kuvuja, au unafungua mdomo. Ukiwa umekaa wima taya linadondoka. Mimi nafunga mkanda wa kidevu.

#30 Dada_wa_Angani
Unatoka kwenye ndege yenyewe. Unyevu wa kabini mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Hata asiye na mashine anaamka midomo imepasuka.

#31 NesiWaTheluji
Yote mawili, na cha tatu ni kwamba alizima hita. Hewa kavu ikisukumwa kwa presha inakausha zaidi. Wengine wanatumia kitenki na maji bila kuwasha hita, hewa inapita juu ya maji. Mimi siwashauri wafanye hivyo ndegeni, ndege ikitikisika maji yanaingia kwenye injini ya mashine. Dawa ya chumvi ya kupuliza puani kabla ya kuvaa inasaidia, na anywe maji.

#32 mkulima_wa_Njombe
Kuhusu maji. Akifika, maji ya kitenki atumie yapi? Dada yangu anatumia ya kuchemsha, jirani akamwambia anunue maji ya betri dukani kwa sababu ndiyo safi zaidi.

#33 FundiVolti
SUBIRI. Dukani ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi! Kuna maji ya kuongezea, na kuna tindikali ya kujazia betri mpya, vidumu vinafanana na muuzaji hajali. Usiweke kitu cha duka la spea kwenye pua ya binadamu.

#34 NesiWaTheluji
Asante FundiVolti, nilishaanza kutetemeka. Ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, ya duka la dawa. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi za maji zinabaki na kuacha ukoko mweupe kitenkini. Chicago atayapata supamaketi yoyote kwa galoni, asibebe hata tone. Kitenki kikaushwe kabla ya kutoka nyumbani.

#35 MswahiliMuscat
Nisaidieni na hili, maana mzee wangu anaenda Hijja inshaallah akitokea Dar. Mahujaji wetu wanahirimia (wanatia nia ya Hijja na kuvaa ihramu) kabla ya kufika mikati, ule mpaka usiovukwa bila ihramu, na mikati mnaipita mkiwa angani kabla ya Jeddah. Mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa. Barakoa ina mikanda inayopita kichwani. Akisinzia na mashine ndani ya ndege inakuwaje?

#36 MamaShani_Mvita
Muulize sheikh wake kabla hajaondoka, ampe na majibu ya daktari. Dharura ina hukumu zake lakini usichukue fatwa kwenye uzi wa betri. Saa 5 tu za ndege, wengine wanaamua wasilale. Tatizo kubwa ni Mina, kwenye mahema watu wamepangana bega kwa bega, soketi inagombewa na kila mwenye simu. Betri ni lazima huko kuliko ndegeni.

#37 mzeewabusara71
Nimesoma yote. Mimi mke wangu ananiambia nanyamaza ghafla usiku, halafu nafyatuka kama bastola. Na mchana nasinzia mpaka kwenye vikao. Je hiyo ndiyo yenyewe?

#38 DerevaWaMasafa
Mzee karibu chamani 😂 Pima shingo kwanza.

#39 NesiWaTheluji
Mzee usipime shingo tu, nenda ukapimwe usingizi. Kunyamaza ghafla halafu kufyatuka ndiko kunakoelezwa na wake za wagonjwa wengi. Na kama unaendesha gari, kwa sasa usiendeshe safari ndefu peke yako.

#40 KamandaLimuru
Hii mashine ilitoka wapi lakini? Nani alifikiria kumpuliza mtu puani?

#41 NesiWaTheluji
Colin Sullivan, daktari wa Sydney, Australia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1981. Za mwanzo walitumia injini za aina ya mashine ya kufyonza vumbi, wakaigeuza ipulize. Zilikuwa na kelele kiasi kwamba zilihitaji kuwekwa mbali na kitanda. Kabla ya hapo waliozidiwa walikuwa wanatobolewa koo.

#42 Kibopa_Original
Kumbe bi mkubwa analala na mashine ya kufagia zulia. Nyumba safi.

#43 sista_P
BintiMzigua, ya mama ni mpya au mtumba wa Marekani? Nauliza kwa sababu Juni 2021 Philips waliita mashine zao nyingi zirudishwe, zikiwemo DreamStation za kwanza. Povu la ndani la kupunguza kelele lilikuwa linameguka na mtu anaweza kuvuta chembe zake. Za mtumba bado zinazunguka. Angalia namba yake kabla hata hujanunua betri.

#44 BintiMzigua
Ni ya mtumba, aliitumiwa na mdogo wangu, lakini si Philips. Chaja imeandikwa 24V, 90W. Hita ina alama ya mawimbi na ilikuwa namba 5 nilipoiwasha leo.

#45 FundiVolti
Nimefunga kesi. 90W, hita namba 5, soketi 75.

#46 Dada_wa_Angani
Hujafunga. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Soketi ikikata kwa kuzidiwa, ninavyozijua mimi kitaa huzimika.

#47 FundiVolti
Shahidi hakuwa na miwani.

#48 sista_P
Na aliivua barakoa.

#49 DerevaWaMasafa
Halafu plagi ya Bongo ni ile ya pini tatu nene. Soketi za ndege zinakubali plagi za nchi nyingi lakini zimelegea kwa kutumika. Ukisogeza mguu tu inachomoka nusu. Ya kwangu ya simu inafanya hivyo kila safari. Ni nani alikuwa dirishani, na nani alikuwa anapita kwenda chooni?

#50 mkulima_wa_Njombe
Mimi bado naona kimo kina mkono wake.

#51 BintiMzigua
Ngoja nijibu la kutenda kwanza. Nimeandikia shirika, nimepiga picha chini ya mashine, barua ya daktari tunaifuata Jumatatu na nitamuuliza kuhusu moyo wake kama NesiWaTheluji alivyosema. Mama mwenyewe amesikia ya DerevaWaMasafa, anasema hata tukinunua betri kumi yeye halali ndegeni, ataangalia sinema. Nimembembeleza nimechoka.

Mdogo wangu naye ameshanunua betri jana Kariakoo bila kuniambia. Kwenye boksi imeandikwa "kwa CPAP" na picha ya mzungu amelala. Kwenye betri yenyewe hakuna Wh, hakuna mAh, kuna stika ya volti 24 tu.

#52 Mlinzi_wa_Lango
Irudishe. Bila uwezo kuandikwa hatuna pa kuanzia hesabu, na tukikosa pa kuanzia haipandi. Hata ikiwa ndogo kweli.

#53 BintiMzigua
Muuzaji alimwambia lebo huwa zinabanduka kwa joto la bandarini.

#54 Kibopa_Original
Na risiti ilibanduka pia?

#55 FundiVolti
Usiichomeke kwenye mashine. Nitumie picha ya ile plagi yake kwanza, na uzito wake ukiwa na mizani ya jikoni.